Kompyuta Ndizo Ziachishwe Kazi, Si Binti Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kwa chai pia, maana birika la ofisi unalijua na mkono unaolimimina unaujua. Mimi ndiye mama wa fundi wenu mpya wa kompyuta. Ndiyo, yule mrefu. Urefu kautoa kwangu, na akili vilevile.

Nimesikia, kwa masikio yaliyokuwa yakipita na sinia, kwamba Ijumaa anaachishwa kazi. Eti kila mtu akifungua folda ya wote, ile mnayoichangia kwenye mtandao, kompyuta inanguruma kama kinu cha kusaga, na prosesa, yaani ubongo wake, inapanda hadi asilimia mia. Malalamiko yangu:

1. Binti yangu alipopata mia shuleni alipigiwa makofi. Mashine ikipata mia mnaitisha kikao. Haki iko wapi?

2. Mhasibu anaifungua folda hiyo bila hodi, anaikodolea macho huku akicheka peke yake, kisha anaiacha wazi. Mlango ukiachwa wazi, analaumiwa seremala?

3. Mtoto amezima, amewasha, amesaka virusi, amebadilisha waya. Jana akakataa chakula. Mheshimiwa, huyu hakukataa chakula hata alipokuwa na tetekuwanga!

4. Kwa hiyo kompyuta ndizo ziachishwe kazi. Ikishindikana, mpe binti yangu kiti chako, nawe uingie chini ya meza na zile waya, tuone nani atahema.

Nisalimie mama watoto na wanao wote. Dereva mwambie kikombe chake nimekifunika.

Wako mtiifu, isipokuwa kwa hili,
Mama Fundi, jikoni.

Nyongeza: Nikiwa nalamba bahasha, binti kaingia mbio, anacheka na kulia, “Mama wee, umeniua!” Kumbe folda imejaa picha kubwa kubwa, na kila ikifunguliwa mashine inahangaika kuchora kipicha cha kila moja. Picha zenyewe ni zake, tangu uchanga hadi mahafali. Mhazili aliniambia hiyo ni folda ya wote, nami nikaziweka humo ili wote wamwone. Basi kavizima vipicha, na kompyuta zimetulia tuli kama zimenyonyeshwa. Kosa ni langu, sawa. Lakini aliyeligundua, nani kamzaa? Zifuteni zote, ila ile ya mapengo muiache. Mhasibu ataiulizia.