Marehemu Alikuwa Amekaa Mbele

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena kwa spika.

Mnajua nafanya kazi kwenye taasisi ya mikopo midogo hapa Mafia. Miezi yote hii nilikuwa natengeneza bima ya mazishi kwa wanakijiji. Leo ndiyo ilikuwa siku ya majaribio, kijijini Baleni. Bosi aliniambia kabisa: "Wakijaza fomu ishirini, mkataba wako unaongezwa. Zisipofika, tunaagana."

Watu wakaja, wakasikiliza, wakapiga miayo. Nikaona niwape mfano (shetani kanipitia). Mbele alikaa Mzee Shomari, mkulima wa minazi, mtu wa utani.

"Shikamoo mzee. Naomba nikutumie kama mfano."

"Marahaba mwanangu. Nitumie tu."

Nikapandisha spika: "Haya! Mzee Shomari amefariki asubuhi hii! Tunafanyaje?"

Watu wakacheka, mzee naye akacheka. Ila barabarani alikuwa anapita bodaboda, na yeye hakucheka. Aligeuza pikipiki akaondoka mbio. Nikadhani kasahau kitu (akili zangu hizo).

Naendelea kueleza mafao, mara naona wanaume na majembe. Nyuma yao kina mama na unga, nazi, kuni, masufuria ya shughuli. Mmoja kashika sanda. Halafu, jamani, jeneza la msikiti likaingia uwanjani, mabegani mwa watu! Dada yake mzee, Bi Mwanaidi, analia: "Kaka yangu weee!"

Mzee akasimama. "Anazikwa nani?"

"Wewe," akajibu mmoja wa wabeba jeneza.

Bi Mwanaidi kilio kikamkatika. Akamshika kaka yake mikono, akamkagua, kisha akanigeukia mimi. Aliyoniambia siyaandiki hapa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaomba radhi, mmoja mmoja.

Mzee akaviangalia vile vitu vyote, taratibu, akaniuliza: "Mwanangu, hebu nisomee tena. Bima yako inaleta nini?"

Nikasoma. Sanda. Chakula cha wafiwa. Ujira wa wachimba kaburi.

"Baada ya muda gani?"

"Siku saba za kazi, mzee."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hakuna aliyejaza hata fomu moja. Ule unga ukasongwa ugali, tukala wote (ndiyo, na mimi nilikula).

Bosi kaniandikia sasa hivi: "Vipi, watu wamejitokeza?" Nimemjibu: kijiji kizima, tena upesi. Kafurahi sana. Kesho atauliza fomu, kwa hiyo nyie badala ya kucheka, nitafutieni kazi.