Sajini Anunua Nyumba Bila Senti

Jumatatu, 3 Machi
Nimemtangazia mke wangu Lorna: tunanunua nyumba hapa hapa mjini Killeen, kando ya kambi. Bila kutanguliza hata senti! Nimelipikia mayai jeshi la Marekani miaka ishirini na miwili. Sasa zamu yao kunipikia. Mkopo wa wanajeshi wastaafu hauna malipo ya awali. Lorna, aliyehamishwa nyumba kumi na moja za jeshi, aliuliza kama nina hakika. Mimi huwa nina hakika.

Jumanne, 4 Machi
Bi Thibodeaux wa ofisi ya mikopo kauliza nitamlipa mthamini kwa kadi au hundi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kumbe kuna mthamini, mkaguzi, watu wa hati, bima, ada ya mkopo wenyewe! Nikamwambia niliahidiwa sifuri.
"Sifuri ya kuanzia, Sajini. Hizi ni za kumalizia."
Dola elfu tisa! Shemeji Vernon, kaka yake Lorna, baharia mstaafu, kasikia kwa dada yake na kanipigia papo hapo. "Vipi shemeji, hiyo sifuri yako ina tarakimu ngapi?" Mshenzi.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: mkaguzi wa nini? Nimejikagulia mwenyewe. Nimetambaa na tochi chini ya sakafu ya nyumba tunayoitaka. Nimekwama kwa saa mbili. Aliyenivuta miguu ni Vernon. Kapiga picha kwanza. Lakini nimetoka na mchwa kwenye chupa!

Jumamosi, 8 Machi
Nimempelekea mwenye nyumba, Bi Ardith, mjane wa askari, nyama ya kifua cha ng'ombe niliyoichoma kwa moshi saa kumi na nne. Pamoja na chupa. Akala, akawatazama mchwa, akala tena. Akasema atalipa dawa na ada zote. Ushindi! Bei ya nyumba imepanda dola elfu tisa tu.
"Kwa hiyo tutazilipa miaka thelathini, na riba juu," kasema Lorna.
Nikamwomba asiniharibie sherehe.

Ijumaa, 11 Aprili
Funguo! Lorna yuko uani amepiga magoti, anapanda mawaridi, analia huku anacheka. Moyo wangu ukajaa furaha. Hapo hapo kapita muuza mabwawa ya kuogelea. Miezi mitatu ya mwanzo hulipi kitu! Vernon, aliyekuja kutusaidia kuhamia, akaniomba nimuulize kuhusu mwezi wa nne. Wivu huo! Nimetia sahihi kurasa zote za mkataba kabla Lorna hajanawa mikono. Wanakuja kuchimba Jumatatu, palepale kwenye mawaridi.