Foleni ya Kunitunza

Leo sura yangu nimeiacha Ruangwa. Nachingwea nimerudi na mwili tu, ndani ya suti ya kuazima yenye vumbi jekundu mpaka mifukoni. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjatumiwa video, maana simu zilizoinuliwa pale uwanjani zilikuwa nyingi kuliko watu.

Wasionijua: naitwa Rashidi, jukwaani Chidi Sauti. Ni mwanamuziki wa Mnero. (Najua. Hata mama yangu akisikia hivyo anauliza, "Na kazi je?") Naimba harusini, naimba watoto wakitoka jando, na kuna siku niliimba kwenye uzinduzi wa kisima mpaka mgeni rasmi akaomba nipumzike. Nyimbo narekodi kwa Dulla, mwenye studio nyuma ya saluni hapa Nachingwea mjini. Kuta amezifunika magodoro, lakini dirisha halizibi vizuri. Jogoo wa jirani yumo kwenye nyimbo zangu zote.

Sasa ili aibu hii iwaingie, lazima kwanza niwaambie habari za Somoe.

Somoe tumekua naye Mnero. Wakati wa ufuta alikuwa anapepeta uani kwao huku akiimba puani, bila maneno, wimbo ambao hakuna aliyemfundisha. Mimi nilikuwa napita pale hata kama sina safari. Tulipotaka kuoana baba yake aliniita, akanikalisha vizuri, akaniuliza swali moja tu: "Korosho ina msimu. Ufuta una msimu. Muziki msimu wake lini?" Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mpaka leo nahesabu.

Somoe akapelekwa Namungo kwa mama yake mkubwa, Bi Sharifa, mwenye mgahawa wa kuwapikia wachimba dhahabu. Simu akanyang'anywa. Tangu hapo misimu miwili ya korosho imepita. Mtasema Namungo si mbali, kwa nini nisiende? Nimekwenda. Mara mbili. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikamwona Bi Sharifa anamtoa mteja mlevi kwa mwiko wa ugali, nikaita bodaboda nikarudi kwetu. Lakini nimemkumbuka yule binti, jamani. Nikisikia ungo unapigwapigwa mahali nageuka, halafu naona ni bibi wa watu tu anapepeta mchele wake.

Ndipo nikatunga wimbo. Yaani wimbo ni wake, uleule wa puani. Mimi nimeweka maneno tu. Jina sikulitaja, heshima ya watu. Kiitikio kinasema: "Rudi, ufuta umeiva. Rudi, nani atapepeta." Nilijua akiusikia mwanzo tu, hata kabla sijafungua mdomo, atajua ni nani anamwita. Tatizo lilikuwa ausikie wapi. Redio niliwapelekea, wakaniambia watanipigia simu. Bado nasubiri.

Siku moja studio kwa Dulla akaja Mjomba Spika. Huyu si mjomba wa mtu, ni jina la biashara. Ana kigari cha matangazo chenye spika juu ya paa, na upande wa Ruangwa wanamjua zaidi kuliko huku kwetu. Alikuja kurekodi matangazo yake. Akausikia wimbo wangu ukipita kwenye spika za Dulla, akatulia, akasema, "Kijana, nipe huu. Nitaupiga Ruangwa mjini, nitaupiga Chinongwe, nitaupiga mpaka Namungo."

Aliposema Namungo, masikio yangu yakafunga kazi. Sikuuliza ataupiga kwa ajili ya nini. (Msinitukane. Nyie mngeuliza?)

Miezi ikapita. Nikawa nakutana na watu mnadani wametoka Ruangwa, wananiambia, "Wewe bwana, kule kwetu wimbo wako hata mtoto wa kunyonya anaujua." Navimba. Nikamnunulia Dulla soda. Nikaanza kutembea polepole barabarani, kama mtu anayesubiri kutambuliwa. Usiku nalala najiambia, ameshausikia. Yupo Namungo na ameshausikia.

Basi juzi nikapigiwa simu. Leo Ruangwa kuna bonanza la mpira, wanataka msanii wa kuimba wakati wa mapumziko. Msanii anayetakiwa ni mimi. Nikajua watu wa Namungo mpira hawaukosi. Na yeye huenda akaja.

Suti nyeupe nikaazima kwa binamu yangu, aliyoolea. Yeye ni mrefu na ana tumbo, mimi nina sauti. Suruali tuliishika kiunoni kwa pini, na mama akanisalia dua. Njiani nikafungua dirisha la gari kidogo tu nipate hewa. Nilishuka Ruangwa nikiwa rangi ya tofali.

Uwanja umejaa. Jukwaa ni Fuso lililoshushwa mbao za pembeni. Na pembeni yake, mwenye vyombo vya muziki ni nani? Mjomba Spika, na kigari chake. Nikamkumbatia kama ndugu. Nikampa flashi yenye wimbo.

"Ya nini?" akasema. "Wimbo wako ninao. Wangu ndio wanaoujua."

Nikasema sawa.

Mapumziko yakafika. Mshereheshaji akanitaja jina, watu wakapiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kati. Kisha Mjomba Spika akabonyeza.

Mwanzo tu wa wimbo, uwanja wote ukasimama.

Sijui niwaelezeje. Watu walipiga kelele ambazo maishani mwangu sijawahi kupigiwa. Vijana wakashuka kwenye miti. Mama mmoja akamkabidhi mwenzie mtoto ili mikono iwe huru. Nikaimba ubeti wa kwanza (nafuatisha mdomo, wimbo unajipiga, ndiyo kawaida yetu sisi wadogo) na hawakuitikia hata neno. Walinitazama tu, magoti yamekunjwa kidogo, kama watu wanaosubiri filimbi. Nikafikiri ni maneno yamewaingia. Machozi yakanilenga. Nikawa natafuta uso mmoja kati ya zile nyuso, safu kwa safu, natafuta mtu ambaye ataujua wimbo huu kwa namna tofauti na wenzake.

Nikafika kwenye kiitikio. "Rudi, ufuta umeiva. Rudi, nani atapepeta." Nikafungua mikono, nikafungua mdomo wote.

Ikatoka sauti ya Mjomba Spika.

"Salfa, salfa, salfa. Mkulima, ugonjwa wa ubwiriunga uko kwenye maua ya mkorosho wako, na wewe umelala. Salfa ya unga, kwa mfuko, kwa kilo. Sogea kwenye gari."

Na mdomo wangu uko wazi. Kwa mtu wa mbali, ni mimi niliyesema.

Hapo uwanja mzima ukainama kwa pamoja, ukabeba mgongoni mashine ya dawa isiyoonekana, ukainuka, ukaanza kupulizia. Kushoto. Kulia. Juu kwenye matawi. Kumbe ndiyo staili yake. Mabibi wanapulizia, golikipa anapulizia mlingoti wa goli lake, mgeni rasmi anapulizia kwa adabu akiwa amekaa. Watoto wadogo mbele wanafunika pua kwa shati, kama inavyoshauriwa.

Wimbo wangu. Wimbo wa Somoe wa kupepetea ufuta. Ruangwa nzima inaujua kama wimbo wa salfa.

Nikamgeukia Mjomba Spika. Akaninyooshea dole gumba.

Nifanye nini? Kushuka siwezi, pini ya kiunoni imeshafunguka. Nikaendelea kuimba, nimeshika maiki mkono mmoja na suruali mkono mwingine. Na ndipo nikaona foleni inajipanga kuja kwenye Fuso, watu wameshika noti mikononi. Moyo ukanirudi mahali pake. Kwetu ukiimba ukamgusa mtu anakuja mbele, anakuwekea noti, anacheza kidogo mbele yako, anaondoka. Ndiyo kutunzwa. Mimi mpaka leo aliyewahi kunitunza ni mama yangu. Nikasema moyoni, wacha salfa iwe salfa, lakini wimbo umewagusa.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma. Akanipandishia noti. Nikapiga goti, suruali nimeibana, nikamwimbia yeye peke yake ubeti mzima. Hakuondoka.

"Ya unga," akasema. "Kilo mbili."

"Mzee wangu, mimi ni mwimbaji."

"Najua, nakusikia kila siku. Sasa kwa kuwa leo umekuja mwenyewe, hutupunguzii?"

Maiki ilikuwa mkononi. Wazi. Uwanja ulicheka mpaka timu zikatoka vyumbani kuangalia kuna nini. Mshereheshaji akachukua maiki nyingine: "Jamani, salfa iko kwenye gari, upande wa kushoto. Mwacheni msanii apumue." Foleni yote ikahamia upande wa kushoto. Alibaki mtu mmoja tu mbele yangu.

Mama mnene, mtandio wa zambarau, na mkononi hana noti. Ana pakiti ya salfa. Nilimtambua kabla hajasema kitu, maana mkono ule niliwahi kuuona umeshika mwiko.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Rashidi wa Mnero?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekuja kurudisha hii."

Nikashuka kwenye Fuso. Nikamweleza kwamba siuzi, kwamba mimi pia nimeijua habari hii leo. Hakunisikiliza.

"Yule mtoto wangu Somoe," akasema Bi Sharifa, "gari hilo likipita tu anatoka mbio, mikono ina unga wa chapati. Nikimuuliza unakwenda wapi, anasema salfa. Anasimama pale mpaka wimbo uishe, na mwenye gari hataki mtu asimame bure, basi ananunua. Kilo. Kesho tena kilo. Uvunguni kumejaa. Chumba kinanuka kiberiti mpaka mijusi imehama. Juzi mpishi nusura aitie kwenye pilau, kadhani binzari."

Nikaivuta suruali juu.

"Na mimi sina mkorosho hata mmoja," akasema. "Pale kwangu kuna kokoto na mashimo ya wachimbaji. Nikamuuliza, mwanangu, salfa yote hii ya nini? Anasema tutapanda."

Ndugu zangu, hapo ndipo nililia. Si kwa ajili ya foleni. Kipindi cha pili kimeshaanza, watu wanashangilia mpira, na mimi nimesimama nyuma ya Fuso na suti ya harusi ya mtu mwingine, nalia mbele ya mama mkubwa wa watu. Miezi yote hii nilikuwa naogopa kwamba hausikii.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nimemwacha nyumbani. Kwenye mpira wanaume wengi. Nimekuja mimi nikuone kwanza." Akanitazama kuanzia viatu. "Nimekuona. Suruali hiyo si yako."

"Si yangu, mama."

"Afadhali umesema kweli." Akanipa ile pakiti mkononi. "Baba yake ana maneno, lakini kwetu binti anasemewa na mjomba wake, na mjomba wake ni mdogo wangu wa tumbo moja. Sijasema kitu mimi. Nasema tu uje uchukue salfa yako, imenichosha. Uje Ijumaa, baada ya swala. Na usije peke yako kama mwizi wa kuku, kusimama ng'ambo ya barabara. Uje na mjomba wako."

(Kumbe aliniona. Mara zote mbili.)

Sasa hivi niko kwa Dulla, pakiti ya salfa iko mezani mbele yangu na Dulla amekataa kukaa karibu nayo. Mpira sijui uliishaje. Nimekaa naliwaza lile neno la Somoe, tutapanda. Nimesikia wimbo ule ukitoka kwenye spika nyingi leo, lakini ningetoa vyote nimsikie yeye mara moja tu, puani, bila maneno, na ungo.

Tatizo ni moja. Mama yangu alizaliwa peke yake. Mjomba sina. Nimefikiria ukoo wote, nimefikiria majirani, na mtu mzima pekee niliyempata mwenye kanzu safi, ulimi wa kushawishi na gari la kubebea uvungu mzima wa salfa, ni yuleyule aliyenimaliza leo. Nimempigia. Amekubali kabla sijamaliza kuomba. Ila ameniambia wazi kwamba yeye Namungo haingii kimya, wateja watadhani amefariki.

Kwa hiyo nawaomba msinicheke, hasa nyie wa Namungo. Ijumaa mkisikia wimbo wangu unaingia kijijini, bakini ndani na noti zenu. Siku hiyo hatuuzi.