Inchi Arobaini na Tatu Kando ya Barabara

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Asubuhi kioo cha ordinateri yangu, kompyuta ya kazi, kimekufa. Kilitetemeka, kikawa cha bluu, kikatoa harufu ya mpira unaoungua, halafu giza. Nimekipiga ubavuni mara tatu kwa ufundi. Hakuna kitu. Nimekipiga mara ya nne bila ufundi. Hakuna kitu.

Kimechagua wiki mbaya ya kufa. Jémima, mtoto wa dada yangu wa Lubudi, ameniachia madaftari mawili ya mkono wake: kazi ya kumaliza masomo, ile wanafunzi wanaita TFC. Ameandika juu ya bamama wanaouza mikate ya kukaanga asubuhi kwa wachimbaji wa shaba hapa Kolwezi. Yeye yuko kwenye mafunzo ya kazi, atatoka Ijumaa. Mwenye kumpigia kwenye mashine ni mimi, muyomba wake, mwenye sekretaria, kibanda cha kupiga maandishi ya watu, inayojulikana hadi mji wa Kisenge. Masharti ya shule yao ni mawili. Kazi ifike Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Na isizidi kurasa hamsini, jalada ndani yake. Ikichelewa au ikizidi, mtoto anarudia mwaka.

Ngeleka ameona moshi. Huyu ana sekretaria yake ng'ambo ya barabara, ordinateri mbili, na diploma ya informatiki ndani ya fremu. Ametuma mtu aniulize kama nataka apige kazi ya Jémima kwake, bure. Bure! Ni mtego. Nimejibu kwamba mtu aliyewahi kuwasha lokomotivu pale Lubudi kwa waya wa kuanikia nguo hawezi kushindwa na kioo.

Nyumbani kuna televizyo ya Micheline, mke wangu. Inchi arobaini na tatu, picha safi hadi unahesabu meno ya mtangazaji. Aliipata zamu yake ya likelemba, upatu wa bamama, ilipofika. Nyuma ina tundu la kable sawasawa na lile la ordinateri yangu. Nimeona tundu, nimeona mpango.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Saa mbili Micheline ametoka kwenda sokoni. Saa mbili na dakika tano televizyo ilikuwa juu ya pusupusu, kigari cha kusukuma, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Jirani aliyeuliza nimemwambia inaenda kupimwa.

Nimeisimamisha kwenye dirisha la kontena langu la kazi, juu ya ubao ambapo wateja huweka viwiko, uso ukitazama barabara. Mahali pengine haikuenea. Karim, mwenye malori, ameniazima kable ya mita kumi. Nimechomeka. Televizyo ikaandika kwamba haioni kitu. Nikabonyeza vitufe vyote vya telekomande, kutoka juu kushuka chini, kama mtu anayesali rozari. Ikaandika Kichina. Ikaandika Kireno. Halafu, ghafla, ordinateri yangu nzima mbele ya macho! Herufi A kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Kuna sehemu imepotea: ule mstari wa chini kabisa wenye saa na vimaandishi vidogo hauonekani. Sikuulilia. Mi na saa hatujawahi kupatana.

Taabu nyingine ni shingo. Ukikaa karibu, sentensi inaanzia bega la kushoto na kuishia bega la kulia, na kichwa kinakwenda na kurudi kama pangaboi. Saa tatu nimerudi nyuma mita moja. Saa nne, mita mbili. Saa tano nilikuwa barabarani kabisa: kiti kwenye vumbi la barabara, klavye ya kuandikia juu ya mapaja, ordinateri juu ya kreti ya bia kando yangu. Hapo ndipo maandishi yalitulia. Nimepiga kurasa nyingi. Sijui ngapi. Nyingi.

Wachimbaji waliotoka kazini wamesimama nyuma yangu kusoma. Mmoja wao akasema pale kuna uongo: mama wa mikate haanzi kukanda unga saa kumi alfajiri, anaanza saa nane usiku. Mama Fidélie, anayeuza mikate kwenye kona yetu, akasema ni kweli, yeye saa kumi huwa tayari amekaanga karai mbili. Nimesahihisha. Kuna profesa gani atabishana na karai?

Jumatano, tarehe 9 Julai

Jana jioni nimemweleza Micheline kwamba televizyo ilishikwa na homa ya voltaji na fundi ameilaza. Amenitazama muda mrefu. Nadhani ameamini.

Leo nimerudi kwenye ukurasa wa shukrani, nilioruka jana. Ni ukurasa wa hatari. Kila TFC inaanza nao, na familia nyingi huwa hazisomi mwingine. Najua ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu miaka sita kwa sababu shemeji aliandikwa chini ya jirani. Nimefungua daftari. Jémima ameshukuru watu wanne. Mungu, mama yake, profesa wake, dada yake mkubwa Myriam. Basi! Muyomba hayumo! Mimi niliyemnunulia viatu vya kwanza! Vyote viwili vilikuwa vya kushoto, lakini vilikuwa viatu.

Nimesahihisha kosa hilo kwa utaratibu. Nimejiweka baada ya Mungu, kabla ya mama, kwa jina analoniita yeye. "Kwa Tonton Philippe, mtu wa akili nyingi na mkono mwepesi." Nimeongeza "mzuri wa sura", nikaondoa, nikarudisha.

Nilisahau kwamba barabara inasoma. Mama Fidélie ameacha karai lake, amekuja hadi kwenye kiti changu, amefuta mikono kwenye kitenge.

"Tata Philippe," akasema, "huyu mutoto alikunywa uji ku nyumba yangu myaka mbili. Mi niko wapi humo?"

Ningefanya nini? Nimemwandika, mistari miwili. Karim akakumbusha kwamba ndiye aliyemleta kutoka Lubudi juu ya gunia za mahindi. Nimemwandika. Fundi viatu akasema alishona mkoba wake wa shule mara tatu. Nimemwandika. Muuza makaa alimpa kiti siku ya mvua. Kwaya ya parokia ikafika nzima, soprano, alto na tenori, kila mtu na jina lake na herufi zake. Foleni ilipinda kona. Mi sikumkataa mtu. Nilijisikia kama gavana anayegawa viwanja.

Nilipoinua macho nipokee anayefuata, alikuwa Micheline. Ametazama televizyo yake. Ametazama blanketi lake, nililokalia. Amenitazama mimi.

"Mugonjwa wako," akasema polepole, "anapona muzuri."

Nilijiandaa kukimbia. Lakini alivuta kiti, akakaa safu ya mbele, akatoa hukumu: anataka mistari mitano ya shukrani, na kila siku saa kumi jioni kazi inasimama, tele inageuzwa kwenye mchezo wake wa mfululizo. Nimetia sahihi kwa kichwa. Saa kumi barabara nzima ilitazama mchezo pamoja, hata watu wa pikipiki. Yule mwanamke wa mchezo, mwenye wigi, amegundua kwamba mume wake ana pacha. Tumepiga kelele wote.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Watu wameleta viti kutoka nyumbani. Mama Fidélie amemaliza mikate yake kabla ya saa tatu, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Wateja wapya pia wamekuja. Kila mtu anataka barua yake iwe na herufi kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Ngeleka ameshindwa kuvumilia. Amevuka barabara, mikono nyuma kama inspekta. Akasema, "Vieux, muzee, picha yako imekatwa ku makando yote. Juu, chini, kushoto, kuume. Tele inafanya ivyo kama inazani ni sinema. Iko buto moja tu ya kubonyeza mu telekomande."

Moja tu! Watu wa diploma ndivyo walivyo, wanaona makando tu. Nimemwambia, mbele ya wote, kwamba mimi nasomwa na avenue nzima, mtaa wote, na yeye anasomwa na inzi wawili. Watu wamecheka sana. Yeye pia alicheka kidogo, jambo lililoniudhi. Telekomande nimeitia chini ya kiti cha Micheline, Ngeleka asiiguse.

Nimemaliza kazi yote saa tisa. Nimeongeza shukrani kwa mtu mmoja wa Kingamyambo aliyekuwa anapita tu. Alikuwa na uso mzuri.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Jémima ametoka kwenye mafunzo saa tisa alasiri. Amekuta viti vimefunga nusu ya barabara, na jina lake juu ya inchi arobaini na tatu. Watu walisimama kumpigia makofi. Amecheka, amekumbatia, amesalimia mmoja mmoja. Halafu ameanza kusoma, na kicheko kikapungua.

Akauliza kurasa ni ngapi. Nikasema zinatosha. Akauliza zinatosha ngapi. Nikaeleza kwamba namba hupenda kujificha. Hapo Ngeleka, bila kuomba ruhusa, aliinama, akatoa telekomande chini ya kiti cha Micheline, akabonyeza mara mbili. Picha ikanywea kidogo, na makando yote manne yakatoka nje kama miguu ya kobe. Saa ikaonekana. Vimaandishi vidogo vikaonekana. Chini, upande wa kushoto, imeandikwa: ukurasa wa 61 kati ya 61.

Jémima akaisoma mara mbili.

"Tonton," Jémima akasema, "shukrani ziko kurasa ngapi?"

Kumi na mbili. Kazi yake yenyewe ni arobaini na tisa. Ilibaki nafasi ya ukurasa mmoja tu. Na saa kumi na moja umeme wa upande wetu unaondoka, kwa zamu ya kukatwa, hadi kesho mchana. Ilikuwa imefika saa kumi kasoro. Hata Micheline hakutaja mchezo wake.

Jémima akachukua klavye. Akashika jina moja ili alifute, likawa jeusi pale juu, kubwa, na mwenye jina, fundi viatu, akakohoa. Akaliacha. Akashika jingine. Alto mmoja akaanza kulia. Kufuta jina la mtu ndani ya sekretaria ni kazi ya kidole kimoja. Kulifuta barabarani, naye amekaa hapo na kiti chake, sijui mtu anayeweza. Mimi mwenyewe niliyewahi kumtazama chui wa Dilolo hadi akaona haya, niliangalia miguu yangu.

Akasimama, akageukia watu.

"Bamama, batata, nabashukuru bote. Lakini nikibaacha bote humu, batanirudishia kazi, na mwaka unapotea. Nikitosha mutu moja, nimufute humu, nitatosha nani? Muniambie benyewe."

Kisha Mama Fidélie akanyanyuka.

"Tosha ya mi kwanza," akasema. "Ule uji nilikupa unywe. Sikukupa uandike."

Jémima akafuta. Jina likaondoka pale juu, na watu wakapiga makofi. Karim akasema gunia za mahindi zilikuwa zinakuja hata bila yeye, tosha. Fundi viatu, tosha. Kwaya ikajitosha kwa sauti, soprano kwanza, tenori mwisho, kama watu wanaopeleka matoleo mbele ya altare. Kila jina na makofi yake. Watu walianza kuimba. Micheline akatoa mistari yake mitano kwa mkono mmoja, kama mtu anayefukuza inzi.

Likabaki jina moja la ziada. Tonton Philippe, akili nyingi, mkono mwepesi, mzuri wa sura. Watu wote wakageuka. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nimevaa ndala.

"Philippe," akasema Micheline.

Nikasema tosha. Naandika hapa kwa ajili ya vizazi vijavyo kwamba wazo lote la kujitosha lilikuwa langu tangu mwanzo, ila nilitaka lianzie kwa wengine.

Jémima akabaki na watu wake wanne, akaongeza mstari mmoja: anashukuru avenue yetu nzima, iliyomlea. Ukurasa wa 50 kati ya 50. Mashine yangu ya kuchapa ilikuwa imekula vumbi, ikagoma. Ngeleka akachukua kazi kwenye kle, ile flashi ndogo, akavuka mbio, akachapa nakala tatu. Ya mwisho ilitoka umeme ukiwa umebakiza dakika nne. Hakudai kitu. Bado nachunguza mtego uko wapi.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Imepokelewa! Saa nne asubuhi, muhuri, sahihi, kila kitu. Mwenye kupokea alihesabu kurasa mara mbili, akakuta hamsini mara mbili. Jémima amerudi juu ya pikipiki akipunga karatasi, na kona nzima ikacheza. Mama Fidélie amegawa mikate. Ngeleka amecheza vibaya sana, kama mtu wa diploma.

Televizyo imerudi nyumbani juu ya pusupusu, kwaya nyuma yake ikiimba. Micheline ameipangusa kwa kitenge kipya na kuifungia chumbani. Ufunguo ameuvaa shingoni.

Nimesimulia watu wa baa jinsi nilivyookoa mwaka wa mtoto kwa akili zangu. Wengi wao walikuwepo barabarani, lakini kutoka nyuma hawakuona vizuri.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Baada ya misa Mama Fidélie amenivuta kando. Anataka nimwandikie wasia. Nani atabaki na nyumba, nani atabaki na karai na mahali pa kona, na yupi kati ya watoto wake saba hatapata hata kijiko, na kwa sababu gani. Hakuna mtu ajue mpaka siku yake. Amesisitiza mara tatu: tuandikie ndani, mlango umefungwa. Nimemwapia. Nimemwambia siri kwangu ni kama shaba ndani ya ardhi ya Kolwezi. Ameniangalia kidogo, halafu ameondoka ametulia.

Kazi nzito kama hii haiwezi kuandikwa kwenye kioo kidogo. Karim ana televizyo ya inchi sitini na tano iliyopasuka kona, ameniazima wiki nzima. Nimepima mlango wa kontena: haiingii. Itakaa nje.

Nimeomba pia mabenchi sita ya parokia, watu wasichoke kusimama.