Jeki na Vidonge vya Shemeji

Redio ya saluni yangu ndiyo iliyoleta maneno. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, nimeshamnyoa mteja wa kwanza, nikatoka na chupa ya kahawa hadi kwenye benchi la nje walipo wenzangu. Mtangazaji akasema kuna watu wamekamatwa sokoni wakiuza vidonge vya kukata hamu ya kula, vile visivyotolewa bila cheti cha daktari.

"Kukata hamu ya kula?" akauliza Kiraka, fundi viatu, kiatu cha mtu kikining'inia mkononi. "Mimi wa kunikatia yuko nyumbani. Akifunua sufuria tu, njaa inaomba ruhusa."

"Mwambie hivyo mbele yake," nikasema.

"Nimeoa, bwana, sijachoka kuishi."

Dada Dozi, muuzaji wa duka la dawa lililopakana na saluni, hakucheka. "Zile si peremende. Zina watu wake. Daktari anakupima presha, anasikiliza moyo, anauliza unatumia dawa gani nyingine, ndipo aandike. Na lazima urudi akuangalie."

"Mlolongo wote huo wa nini?" akasema Jeki. "Dawa ni dawa."

Jeki ni fundi magari wa gereji ya pili kutoka kwangu. Mwili wa jokofu, roho ya mtoto. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kikombe cha tatu, na mguu wake ulikuwa unadunda chini ya benchi kama cherehani.

Kiraka akamtazama. "Wewe, mbona mkate hujagusa? Siku zote ukija tunauficha."

"Sisikii njaa. Leo siku ya tisa."

Tukamgeukia wote. Jeki akaona hana pa kutokea, akajieleza.

"Juzi juzi nilinasa chini ya gari la mteja. Miguu imetoka, tumbo limegoma. Watu wanne wamenivuta miguu, mwenye gari anapiga picha. Sasa fundi asiyeingia chini ya gari atafanya kazi gani, kufuta vioo? Nikamwomba shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, anigawie vidonge vyake. Yeye kaandikiwa hospitali, amepungua vizuri. Kwa hiyo msinitazame hivyo, si vya sokoni."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," Kiraka akasema. "Mwenzetu umeazima dawa."

"Unameza vingapi?" akauliza Dada Dozi.

"Shemeji anameza kimoja asubuhi. Mimi ni mara mbili yake, nikaona haki yangu ni viwili. Cha pili jioni."

"Unalala?"

"Usingizi tumeachana. Najua misumari yote ya dari."

"Presha ulipima lini?"

Jeki akakitazama kikombe. "Mwaka juzi. Wakasema iko juu, nirudi."

"Ukarudi?"

"Kulikuwa na magari mengi."

Dada Dozi akamshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa yake. Akahesabu mapigo dakika nzima. "Mia moja ishirini na sita," akasema, "na umekaa kwenye benchi."

"Labda kahawa."

"Kahawa imekuta moto, ikamwaga petroli." Akakiondoa kikombe. "Kifua kikoje?"

Jeki akashusha sauti. "Kinagonga tangu jana. Nilidhani ndiyo mafuta yanayeyuka."

Kiraka akaweka kiatu chini. "Mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Ningesema mngenicheka."

"Tungekucheka, ndiyo," akasema Kiraka. "Lakini tungekupeleka."

Tukampeleka. Niliacha saluni wazi, wembe mezani. Zahanati iko ng'ambo ya barabara, lakini siku hiyo barabara ilikuwa pana. Jeki alivuka katikati yetu, ametushika mabega. Dada Dozi nyuma, anampigia shemeji alete pakiti ili daktari aone ni dawa ipi hasa.

Presha ilisoma mia na themanini na tano kwa mia na kumi na mbili. Wakampima moyo, wakamlaza, wakambakiza hapo hadi alasiri. Shemeji alifika na pakiti, khanga begani upande, viatu vya nyumbani. Alipomwona Jeki kitandani na nyaya kifuani, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akalia kimyakimya.

"Nilidhani namsaidia," alimwambia daktari.

"Dawa hii inakufaa wewe," daktari akajibu. "Mwenye presha hii inaweza kumvunja. Humsaidii mtu kwa kumpa dawa ya cheti chako."

"Kwani nimekosea kutaka kupungua?" Jeki akauliza kutoka kitandani.

"Hujakosea. Umekosea njia. Hii unaacha leo. Tushushe presha kwanza, halafu turudi kwenye uzito. Chakula, kutembea, na dawa ikihitajika, kuna za aina nyingine. Ila itakuwa na jina lako na kipimo chako, na utakuja nikuone, magari yawepo yasiwepo."

Zilipita kama wiki mbili. Jeki akawa anatoka kliniki, anapitia kwetu, usingizi umemrudia, macho yametulia.

"Leo nimepanda mizani," akatuambia. "Nimeongezeka kilo moja. Daktari kanipongeza."

"Kwa kunenepa?" Kiraka akauliza.

"Kwa presha kushuka."

"Mimi hiyo hospitali nahamia."

Shemeji alikuwa anapita na kapu lake, akasimama mbele ya benchi. Tangu siku ile walikuwa hawajaongea vizuri. Akamtazama Jeki juu mpaka chini.

"Shemeji, tuelewane. Ukipungukiwa na kitu, uje uazime sukari kama majirani wengine. Vidonge, basi."

"Sukari nimekatazwa," Jeki akasema kwa adabu.

"Basi chumvi."

"Chumvi ndiyo kabisa. Presha."

Shemeji akafikiri, akahamisha kapu mkono wa pili.

"Basi njoo uazime ufagio," akasema. "Uanzie uani kwangu."

Jeki akainuka, akalipokea lile kapu, akamfuata.