Kuku Mmoja wa Nyumba Sita

Jumatatu, 2 Juni

Nimeteuliwa. Mimi, Murunga wa Kambi Muru, ndiye mwenyeji rasmi wa Daktari Helmi, mtafiti wa chakula kutoka Ufini. Nimepewa beji na koti la kijani. Kazi yangu ni kumfikisha katika nyumba sita za mtaa wetu, apime kila kinachoingia kwenye sufuria na kuandika katika kitabu cha nyumba hiyo, nami nitie saini. Kule Kawangware mwenyeji ni Kitheka, fundi viatu, Mkamba wa Kitui asiyejua hata kuchomekea shati. Naye ana nyumba sita.

Daktari ametueleza kwamba utafiti ukiisha, wafadhili watajenga jiko la shule katika mtaa mmoja kati ya hii miwili. Chakula cha mchana kwa kila mtoto, kila siku, miaka miwili. Amesisitiza watu wapike kama kawaida yao, matokeo ndiyo yataamua. Nimeelewa haraka. Haya ni mashindano. Kitheka alikuwa anaandika kila neno kwa penseli. Masikini.

Mitchelle wangu yuko darasa la pili. Akitoka shule hupita moja kwa moja hadi kwenye sufuria ya jana na kuiramba. Jiko hilo lazima lije kwetu, na ufunguo wa stoo uning'inie kwangu. Nabwire, mke wangu, nimemwahidi upishi mkuu. Amesema ataamini siku atakayoshika mwiko wenyewe. Huyo mwanamke hajawahi kuniamini, hata nilipokuwa nasema kweli.

Jumanne, 3 Juni

Nimekagua nyumba zote sita. Aibu tupu. Sukuma wiki bila tone la mafuta. Kwa jirani yetu Bridgit chakula cha jioni ni uji uliobaki asubuhi. Kwa mzee Boaz, mwenyekiti wa ploti yetu, ni chai ya rangi na mandazi ya juzi.

Lakini sikuwa na haja ya kumshawishi mtu. Wenyewe waliona haya kabla yangu. Mtu apande ndege kutoka Ufini aje kupima sukuma yako? Mzee Boaz akasema kwao Butere mgeni akikanyaga mlangoni, kuku anajua siku zake zimekwisha. Wote wakaitikia. Kilichokosekana ni kuku.

Kuku yuko. Jogoo aliyetumwa na mama mkwe kutoka Busia, analala chini ya kitanda chetu. Nabwire anamtunza kwa ajili ya ubatizo wa Mitchelle mwezi wa nane. Mpango wangu ni huu: jogoo mmoja, nyumba sita, siku tatu. Apikwe mara moja, apimwe, ahamie nyumba ya pili kupitia nyuma ya vyoo. Hakuna kuuma mpaka nyumba ya sita. Nabwire alikuwa ameenda kufulia watu nguo Lang'ata, kwa hivyo nimechinja mwenyewe. Nitamweleza baadaye.

Shida ikawa firigisi. Kwetu Waluhya huitwa imondo, na mgeni asipopewa umemtukana yeye na ukoo wake. Na jogoo ana moja tu. Nimenunua nyingine tano kwa mama anayekaanga vichwa na miguu kando ya reli. Mzee Boaz akaleta ubishi kwamba imondo ni ya mwanamume, na huyu daktari ni mwanamke. Nimeamua kwamba mgeni mwenye mizani ni mwanamume.

Jumatano, 4 Juni

Tumeanza na kwangu. Nabwire aliiangalia sufuria, akainama akaangalia chini ya kitanda, kisha akaniangalia mimi. Mgeni alikuwa ameketi, kwa hivyo akamkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimepona mpaka jioni.

Mizani ikasema kilo moja na nusu. Daktari akashangaa, akapima tena. Alijaribu kukataa kula, akasema kanuni za utafiti haziruhusu. Nikamweleza kanuni za hapa. Akaitafuna ile firigisi kwa muda mrefu, macho yametoka maji, akisema asante. Nyumba ya pili, kwa Bridgit, akawekewa firigisi nyingine. Alinitazama kama mtu anayeomba msaada. Nikamwambia amependwa.

Jioni nimempigia Kitheka simu, kumjulia hali tu. Akaniambia kwamba jana nyumba yake ya kwanza ilipika muthokoi mkavu, yale mahindi yao ya kukobolewa, na mama wa nyumba akamwambia Daktari kwamba usiku uliotangulia walilala njaa. Wamemwambia! Nilicheka mpaka simu ikaanguka. Kuna watu hawana haya. Mtu mzima unaanika umaskini wako mbele ya mgeni, tena anaandika?

Kisha Nabwire akatuma watoto nje, akafunga mlango. Sitaandika yaliyofuata.

Ijumaa, 6 Juni

Jogoo amelala siku mbili kwenye friji ya Okoth, muuza soda. Ametoka mzima. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mzee Boaz, na hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga. Daktari alitoka nje kupokea simu baada ya kupima. Kurudi kwangu kutoka kumsindikiza, mzee amekula paja. Lote. Alikuwa anafuta vidole kwa kalenda ya kanisa. Akasema kuku amepita mbele ya pua yake siku tatu na yeye si malaika.

Nyumba ya nne kuku akawa na mguu mmoja. Daktari akauliza. Nilifikiri kwa muda wa kumeza mate, nikasema ni mila. Mguu wa pili huwekewa mjomba. Basi alifurahi huyo mama! Ameandika nusu ukurasa. Akauliza kama mjomba huja kuuchukua mwenyewe. Nikasema hutuma mtu.

Jumatatu, 9 Juni

Nyumba za mwisho. Kwa sasa jogoo ni mifupa na mchuzi, amechemshwa mara nyingi kuliko maji ya chai. Tulimjazia viazi chini ili mizani isituaibishe. Daktari amekuja amepauka. Mkobani mwake kuna mkate mweusi wa kwao, mgumu kama kigae, na amekiri kwamba tangu Jumamosi tumbo lake halikubali kitu kingine. Hata hivyo alizimeza firigisi ya tano na ya sita. Nampa heshima yake. Angekuwa mtoto wa Butere angepewa shamba.

Alipoondoka tukawaita watoto. Mitchelle alipata shingo. Akasema haina ladha, kisha akainyonya mpaka giza likaingia.

Ijumaa, 20 Juni

Leo matokeo yamesomwa ukumbini, mitaa yote miwili pamoja. Daktari alitundika chati ukutani. Mstari wa Kawangware ulikuwa chini, mfupi, wa kuonewa huruma. Wetu ulipanda mpaka karibu na dari. Akasema nyumba za Kambi Muru zinakula nyama kuliko kijiji cha wazazi wake. Tulipiga makofi. Mzee Boaz alisimama na kupunga kofia. Watu wa Kitheka walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Kisha Daktari akasema anashukuru, kwa sababu sasa ni wazi jiko linahitajika wapi. Kawangware.

Sisi ndio tuliochelewa kuacha kupiga makofi.

Nilisimama niseme. Mzee Boaz akanivuta koti, akaninong'oneza kwamba kama kwangu kuna njaa niseme ya kwangu, yeye nyumba yake imeandikwa kuku na itabaki kuku. Nikangoja Daktari atoke nje. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni: Daktari, ni kuku mmoja. Maneno matatu tu baada ya jina lake. Yeye akanitangulia. Akatoa karatasi ngumu yenye muhuri mwekundu na jina langu lote: Mwenyeji Bora. Saini yangu iko kwenye vitabu vyote sita. Nikisema, vitachanwa, na karatasi hii nayo.

Nikasema asante.

Nyumbani Mitchelle akauliza chakula cha shule kinaanza lini. Nimemwambia kimechelewa njiani. Akauliza kimechelewa wapi.

Jumamosi, 21 Juni

Nimetundika cheti ukutani. Nabwire amekisoma, akasema mficha uchi hazai, akaenda kulala upande wa ukutani. Asubuhi nimekuta ametundika fagio juu ya cheti.

Jumatatu, 22 Septemba

Jiko la Kawangware limefunguliwa wiki tatu zilizopita. Nabwire ni mpishi pale. Hakuniuliza. Alienda kwa miguu yake, akamwambia Kitheka kweli yote, kuanzia jogoo hadi viazi, na Kitheka, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa stoo, akampa mwiko siku hiyo hiyo. Mitchelle amehamishiwa shule ya huko. Wanatoka alfajiri, wanarudi jioni, na mtoto haendi tena kwenye sufuria. Ameanza kuota mashavu. Siku hizi humwita Kitheka mjomba.

Kuna jambo limenichoma zaidi. Siku ya ufunguzi walichinja kuku. Daktari, aliyerudi kwa sherehe, akawasomea kutoka kitabu chake kwamba kwa Waluhya mguu wa pili huwekewa mjomba. Wapishi wakatazamana, hakuna aliyetaka kumkosoa mgeni. Mguu akapewa Kitheka. Jogoo wa mama mkwe niue mimi, mila nitunge mimi, mguu ale Mkamba!

Nabwire huniletea mabaki kwenye mkebe. Leo ni muthokoi. Umepungua chumvi. Nimeumaliza ili wasije wakasema najivuna.

Lakini nimejifunza, na safari hii hawanipati. Barua imefika kwa mzee Boaz: watafiti wengine wanakuja Kambi Muru wiki ijayo, kutoka Korea. Wanasema wanatafuta nyumba sita zinazojua kupika vizuri chakula cha Magharibi ya Kenya, wakiridhika watafungua mkahawa hapa hapa na kuajiri wapishi wa mtaa. Wanafikiri mimi ni mtoto. Najua wazungu wanachopenda, na Wakorea ni hao hao. Nimepita nyumba zote sita. Sufuria zifichwe, majiko yamwagiwe maji, watoto walie kidogo. Bridgit anayesifika kwa mboga ya mrenda nimemkataza hata kukata kitunguu. Mzee Boaz nimemfundisha kupumua kwa shida. Nimevaa koti langu la kijani na kukaa mlangoni, nikifanya mazoezi ya kusema kwamba huku hakuna anayejua kupika.