Usukani wa Chini

Jumanne, 3 Juni
Boksi limefika kutoka Bogotá. Fremu ya baiskeli, ya kaboni, nyeusi, naiinua kwa kidole. Gia nimechagua za mabingwa: meno mengi mbele, machache nyuma. Fundi, don Arístides, alisema kwa milima ya Boyacá nitatapika mapafu. Nikamwambia afunge hivyo hivyo.

Klabu imebakiza nafasi moja kwenye timu ya mashindano ya Sogamoso. Tunaitaka wawili: mimi na shemeji Evelio, mume wa dada yangu. Jumapili tunapanda hadi kanisa la mlimani. Atakayetangulia, ndiye. Baiskeli ya Evelio ni ya chuma, maskini.

Alhamisi, 5 Juni
Nimegundua siri! Kwenye picha zote za mabingwa, usukani uko chini sana kuliko kiti. Wangu ulikaa kama wa tarishi. Nimemwamuru don Arístides aushushe hadi mwisho. Akauliza barabara nitaionaje. Nikamjibu barabara naijua.

Nikafanya mazoezi sebuleni. Mke wangu Nubia akapita na bakuli la viazi. "Mume wangu, umeangusha nini huko chini?"

Jumamosi, 7 Juni
Shingo haiinuki. Nubia amenikanda kwa maji ya moto, akicheka. Evelio alileta jibini, akaitazama sana baiskeli yangu, akasema niupandishe usukani kidogo, mimi si paka anayenyemelea panya. Wivu mtupu.

Jumapili, 8 Juni
Ukungu mzito. Evelio akatangulia, nikang'ang'ania gurudumu lake la nyuma, maana ndilo pekee nililoliona. Gia zikanikaba. Kwenye njia panda likanipotea, kisha nikaliona tena, nikaliganda. Ghafla mlima ukalainika. Nikazisifu gia zangu. Kilichonishangaza ni Evelio kupiga mluzi.

Gurudumu likasimama. Nikalipita, nikanyoosha mikono juu kwa ushindi. Kisha nikainua kidevu kwa kiganja, nikaona ng'ombe. Na mzee mmoja, don Campo Elías, akishusha madebe ya maziwa kutoka kwenye baiskeli yake.

"Kijana, umenifuata tangu njia panda," akasema. "Una kiu?"

Nilikunywa. Evelio alikuwa kanisani zamani, anakunywa maji moto ya sukari guru. Nafasi ni yake. Nimeumia sana. Nililia kidogo nyuma ya zizi.

Ijumaa, 13 Juni
Ng'ombe wa Evelio anakaribia kuzaa na ndama amekaa vibaya. Hawezi kumwacha. Amemwomba doña Rosalba, mwenyekiti wa klabu, anipe mimi nafasi. Amekubali, kwa sharti moja: nipande baiskeli ya Evelio, na nisiguse hata skrubu.

Evelio aliileta mwenyewe. "Shemeji, wewe miguu unayo. Inua macho tu, utafika." Nilimkumbatia. Nilimdhania vibaya mtu huyu, na nimemwambia hivyo.

Jumamosi, 14 Juni
Kesho ndiyo siku. Baiskeli iko sebuleni. Nimeikalia kidogo. Inastarehesha, naona mpaka dirishani. Hapo ndipo tatizo lilipo: usukani uko juu mno, nitaonekana kama nakwenda sokoni, na Sogamoso nzima itakuwa barabarani.

Sijagusa kitu, isipokuwa usukani. Nimeushusha vidole viwili tu, Evelio hatatambua.

Baada ya chakula nimeushusha hadi mwisho.